Bi Mwavita na Goti la Mwanzi

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika kama watu walioshiba. Hadithi hii haisikilizwi hivyo. Sogeeni karibu, mwenye mtoto ampakate. Haya tena, paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, mto ulipokuwa na amri kuliko jumbe, palikuwa na kijiji ukingoni, pale mto unapojikunja kama kiwiko. Watu wake walilima mpunga, walivua kambale, walioa na kuozesha. Lakini waliishi na woga. Ndani ya maji yale mlikuwa na mamba. Na huyu hakuwa mamba kama mamba wengine. Alikuwa mzee, mgongo umeota mwani, na jicho moja jeupe kama yai. Alikuwa amekula mbuzi, amekula ng'ombe, amekula watu. Jina lake hawakulitamka. Walimwita Mwenyeji, kwa kuwa wao walijiona wageni wake. Mtu akienda kuteka maji aliaga nyumbani kama anayekwenda safari.

Kijijini humo aliishi bibi mmoja, Bi Mwavita. Kazi yake kusuka migono, ile mitego ya fito zilizopindwa mdomoni, ambayo samaki akiingia hatoki. Kabla hajapinda ufito aliushika shinani, akaisukuma ncha kwa kidole, kidogo tu, huku amefumba jicho moja. Kisha husema, "Goti lako liko hapa." Akiupinda, ufito huenda pale pale alipotaka uende.

Watu walimuuliza, "Bibi, goti la nini?"

"Kila kinachopinda kina goti. La mguu wako unaliona. La ufito limejificha."

Wengine walimwogopa. Mtu anayesema na vijiti, nani ajuaye anasema na nini kingine?

Basi sikilizeni.

Asubuhi moja, jua limewaka na mbingu haina wingu, Siwema alikwenda mtoni kuloweka mihogo. Siwema alikuwa mke wa Mfaume, mkulima. Mgongoni alimbeba mwanawe, mtoto mdogo asiyetembea bado. Katikati ya mto palikuwa na jiwe pana, na wakati wa kiangazi watu walilifikia kwa kukanyaga vijiwe, maji hayavuki vifundo vya miguu. Siwema akavuka. Akainama. Akaanza kazi.

Hakujua kwamba huko milimani, mbali, mvua imenyesha usiku kucha.

Maji yakaja. Hayakuja kwa kishindo. Yalikuja kimya, mekundu, yamebeba majani. Siwema alipoinua kichwa, vile vijiwe havipo. Upande huu mto, upande ule mto.

Akaita. Watu wakaja mbio, Mfaume mbele yao. Walipofika ukingoni waliona jambo walilotamani wasilione. Chini kule, gogo lilikuwa linapanda dhidi ya mkondo, taratibu.

Magogo hayapandi mto, wanangu.

Mfaume akataka kujitupa majini, wakamkamata. Wakasukuma mtumbwi, mkondo ukaupindua hapo hapo na kuondoka nao. Wakarusha kamba, ikapeperuka, ikabebwa na maji.

Maji yakapanda. Jiwe likapungua.

Ukingoni palikuwa na mti wenye panda nene. Mfaume akakimbilia kichaka cha mianzi, akakata mwanzi mrefu, akaulaza pandani na kuusukuma juu ya maji. Wanaume wakalikalia shina lake ardhini. Ncha ikatoka, ikatoka, ikafika jiweni. Ikasimama mbele ya uso wa Siwema kama mkono wa mtu.

"Shika, mke wangu," Mfaume akasema. "Jining'inize. Tutakuzungusha mpaka huku."

Siwema akashika. Akauachia mwanzi uzito wake wote. Mwanzi ukafanya nini? Ukainama. Kwiii. Na haukuinama tu. Ulivyokuwa ukishuka ndivyo ulivyokuwa ukirudi nyuma kuelekea ukingoni, na Siwema ukamvuta. Vidole vyake vikateleza jiweni. Miguu ikaingia majini.

Chubwi.

Lile gogo likafungua mdomo.

Siwema akauachia mwanzi, akaangukia ukingo wa jiwe, akapanda kwa kucha. Nyuma yake meno yakafunga. Kakakaka. Mwanzi ukavunjika kama muwa. Mtoto akalia. Mwenyeji akazama. Kumwona ni vibaya. Kutomwona ni vibaya zaidi.

Maji yakapanda. Jiwe likapungua.

Hapo ndipo Bi Mwavita alipofika, fimbo mkononi, pumzi fupi. Akautazama mto. Akautazama mwanzi uliovunjika.

"Upo mwingine mrefu kama huu?"

"Mmoja tu, Bibi," wakamjibu.

"Ukateni. Mkishaukata, uwekeni pandani, lakini uelekezeni shambani."

Watu wakatazamana. Mfaume akamwendea, macho mekundu. "Bibi, mke wangu yuko mtoni. Shambani kuna nini?"

"Shambani hakuna meno, mwanangu. Mwanzi nao una tabia yake. Utuonyeshe tabia hiyo mahali pasipo na mdomo chini."

"Jiwe linaisha, Bibi."

"Naliona. Na mwanzi umebaki mmoja. Ukikosea huu, utamtumia nini?"

Mfaume akachukua panga. Akaenda kuukata.

Wakauweka pandani, ncha ikielekea shambani, na nje ya panda wakatoa urefu ule wa kufika jiweni. Bi Mwavita akamwita Mwanakheri, mdogo wake Siwema. Hao wawili walivaliana nguo, na kwa uzito hawakupishana.

"Wewe ndiwe utakayening'inia," akamwambia. Kisha akamgeukia Mfaume. "Mwanao unambeba kila jioni. Mikono yako inamjua. Chukua kapu, utie udongo, mpaka mikono ikwambie kwamba ni yeye."

Mfaume akatia udongo. Akainua kapu, akapunguza. Akainua, akaongeza. Machozi yalikuwa yanadondokea ndani ya kapu na hakuyafuta. Mwisho akalikumbatia kifuani.

"Ndiye," akasema.

Wakamfunga Mwanakheri kapu lile mgongoni, wakamkalisha kwenye kitanzi cha kamba kilichofungwa nchani. Wanaume wakalikandamiza shina. Mwanzi ukachukua uzito. Kwiii, ukainama. Bi Mwavita akafumba jicho moja, akaupapasa kuanzia pandani, mkono ukasimama.

"Goti liko hapa. Mbele ya panda, kidogo tu."

Akashikisha ncha ya kamba nyingine pale kwenye goti, akaivuta ikanyooka mpaka mwisho wa mwanzi, akaizungusha juu na chini. Wanaume walipolegeza shina na kulikandamiza tena, ncha ya mwanzi ilipita njia ile ile ya kamba, juu na chini, kama mguu unaokunjwa na kunyooshwa.

"Mmeona? Haushuki kama ndoo kisimani," akasema. "Ukishuka, unarudi nyumbani. Mfaume, wewe uliupeleka ufike jiweni ukiwa umenyooka. Siwema alipoushika haukuwa umenyooka tena."

Akapima kwa fimbo yake. Mwanzi ulishuka fimbo nzima na kiganja juu yake. Ulirudi nyuma hatua moja.

"Basi ncha ipite jiwe kwa hatua hiyo. Ikiinama itakuja juu ya kichwa chake. Na shina lazima lishuke chini sana kabla miguu yake haijaacha jiwe. Lile la kwanza lilikuwa limefika ardhini, halikuwa na pa kushukia. Chimbeni shimo."

Wakachimba kwa majembe, wakachimba kwa mikono. Ti, ti, ti. Kutoka mtoni sauti ya Siwema ilikuja, nyembamba. "Maji yamefika miguuni." Kisha ikaja tena. "Mtoto amenyamaza." Wanawake walioisikia hiyo ya pili wakafunika nyuso zao.

Maji yakapanda. Jiwe halikuonekana tena. Siwema alisimama juu ya maji kama mtu aliyesimama juu ya damu.

Wakaugeuza mwanzi mtoni. Wakaliinua shina juu ili ncha ishuke, ikapita juu ya jiwe, ikazidi kwa hatua moja. Siwema akakivuta kitanzi, akaingia, miguu bado iko jiweni.

Bi Mwavita akawaambia wanaume waliokuwa shinani, "Geuzeni migongo. Asitazame mto hata mmoja wenu."

"Kwa nini, Bibi?" Mfaume akauliza. Yeye ndiye aliyekuwa mzito kuliko wote, na alikaa mwisho kabisa wa shina.

"Woga nao hupinda watu. Na goti la woga sijui liko wapi."

Wakageuka.

"Shusheni," akasema Bi Mwavita. "Polepole. Shusheni tena."

Shina likaingia shimoni. Mwanzi ukaanza kuinama, na Siwema bado amesimama jiweni. Kwiii. Ukainama zaidi, ncha ikarudi, ikarudi, mpaka ikawa juu ya utosi wake. Kamba ikakaza. Miguu ya Siwema ikaacha jiwe. Kati ya nyayo zake na maji palikuwa na kiganja kimoja.

"Shusheni."

Viganja viwili.

Ndipo maji yaliyokuwa nyuma yake yalipovimba. Kwanza pua, kisha jicho jeupe. Kisha Mwenyeji akatoka, akanyanyuka, maji yakimporomoka mgongoni.

Siwema akapiga ukelele.

Mfaume aliusikia. Mgongo umeelekea mto, hakuona, alisikia tu. Mwili wake ukaanza kuinuka wenyewe. Shina likainuka naye. Na huko mtoni mke wake akashuka.

"Mfaume," Bi Mwavita akasema. Hakupaza sauti. "Ukiinuka, utamlisha."

Mfaume akakaa. Akainamisha kichwa katikati ya magoti, akauma mkono wake mwenyewe mpaka damu ikatoka, akakaa. Shina likazama shimoni. Mwanzi ukampandisha Siwema.

Meno yakafunga. Yalikamata upindo wa nguo. Mwanzi ukavutwa chini, ukalia mlio ambao hawakuwahi kuusikia, na Mfaume hakuinuka. Nguo ikapasuka. Mwenyeji akaanguka majini na kitambaa. Mwanzi nao, uliokuwa umevutwa, ukaruka juu na Siwema wake, ukashuka, ukaruka tena.

"Tumzungushe sasa," mmoja akasema.

"Bado. Mkiuzungusha unacheza, utamtupa. Uacheni utulie."

Mnajua kungoja ni nini? Huko ndiko kungoja. Mwanamke anapanda na kushuka juu ya mto, chini yake maji yanazunguka, na watu wazima wamekaa wameyapa mgongo. Mwanzi ukacheza. Ukapunguza. Ukapunguza tena. Ukatulia.

"Sasa," akasema Bi Mwavita.

Wakauzungusha pandani. Siwema akapita juu ya maji, akapita juu ya matete, akafika juu ya udongo. Mwanakheri akamdaka. Wakaifungua mbeleko. Mtoto alikuwa amelowa, midomo imepauka, macho yamefumba. Mwanakheri akamsugua mgongo, akamsugua. Mtoto akakohoa. Kisha akalia.

Mfaume alikuwa bado amekaa pale pale, kichwa katikati ya magoti.

"Bibi," akasema, "naweza kugeuka?"

"Geuka, mwanangu."

Jioni ile Mfaume alikwenda nyumbani kwa Bi Mwavita, mkono umefungwa kitambaa. Alimkuta bibi amekaa kizingitini, amevikunja viganja kwapani. Kikombe cha uji kilikuwa kimemwangukia miguuni.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Mfaume akakaa chini. Kisha akauliza, "Ulipotuambia tushushe shina, ulijua kwamba atafika?"

Bi Mwavita akafikiri.

"Mwanzi niliujua," akasema. "Wewe sikukujua."

Bi Mwavita aliishi miaka kadhaa tena, akafa, akazikwa. Mwenyeji hakuna aliyemuua. Lakini watu wa kijiji kile walibaki na desturi yao. Wakitaka kujenga paa au kutega mtego mkubwa, hata wakitaka kumpa kijana kazi ya hatari, kwanza huujaribu uzito kwenye nchi kavu, nao husema, tutafute goti.

Nasi tushike hilo. Usikitegemee kitu kwa sababu tu kimesimama wima. Kila kitu kina siku yake ya kuinama, na mtu pia anayo. Uliza mapema kitainama mpaka wapi, kabla hujakitundikia roho ya mwenzio.

Hadithi yangu imeishia hapo, nimeiacha ukingoni. Kesho mkienda kuteka maji, nendeni wawili wawili.