Masega ya Wenyewe

Ndugu zangu, wa huko nyuma wekeni simu chini kidogo, maana leo nazisema hizo hizo.

Kulikuwa na mama mmoja mfuga nyuki. Asali yake ilisifiwa na kijiji kizima, lakini sifa za kijiji, mnajua wenyewe, haziezeki nyumba bati. Basi akanunua simu, akapiga picha za masega, akazirusha mtandaoni. He! Oda zikamiminika kutoka miji asiyowahi kuikanyaga. Mama akafurahi, na nani asingefurahi?

Siku ya kurina akakata masega ya kando, kama ilivyo desturi. Kisha mkono ukaenda ndani.

“Mke wangu, hayo ni ya wenyewe,” mumewe akamwambia, kashika kienge cha moshi. “Kiangazi watakula nini?”

“Na wateja niwaambieje? Kwamba nyuki wamenikatalia?”

Akakata. Mzinga huu, na ule, yote. Picha za siku hiyo zilipendwa kuliko zote.

Kiangazi kikaingia. Mama akafungua mizinga, asipate hata nyuki wa kumuuma. Wamehama! Na simu inaita: “Mama, asali yetu?” Akaketi akalia, maana alijua ni mkono wake mwenyewe.

Ninyi mngefanyaje? Mngeivunja simu? Jirani yake alikuwa na dawa nyepesi: “Chemsha sukari guru, ujaze chupa. Wa mjini watajulia wapi?”

“Nimeshawaibia nyuki,” mama akajibu. “Watu siwaibii.”

Akafuta machozi, akaipaka mizinga nta, akaitundika upya. Kisha akaandika kwenye simu ile ile: “Asali hakuna. Niliwanyang’anya nyuki chakula chao. Wakirudi, watakula wao kwanza.” Wako waliomtukana. Wako waliongoja.

Mvua zikanyesha, miti ikachanua, nyuki wakarudi. Na ujumbe wa kwanza kuingia haukuuliza bei wala chupa. Mteja aliandika: “Mama, nyuki wameshakula?”

Sikieni, basi. Simu haikumkosea mtu. Ilimwita mteja, na baadaye ikamfundisha kungoja. Ila sisi, tunaotangaza biashara zetu hadi ng’ambo, tumewaachia nini udongo, miti, mafundi wetu wanaokesha, na watoto wanaotuona migongo tu tumeinamia oda? Kesho ukiamka, kabla hujajibu mteja hata mmoja, nenda kwenye mzinga wako uulize: wenyewe wameshakula?