Jasho la Bati na Kigoda cha Anyesi

Mungu hakumpa mtu mmoja vyote. Huko milima ya Kipengere, ambako asubuhi pumzi ya mtu huonekana kama moshi, alimpa Mama Yusta macho yasiyochoka kutazama. Akampa Nikodemu mikono ya kusuka mianzi. Akampa Fundi Mbwilo ujuzi wa kuezeka, na maneno machache. Akampa Mzee Ndelwa mke, Anyesi, kisha akamtwaa. Basi tegeni sikio.

Anyesi alimwachia mumewe mbegu ya maharage yenye madoa mekundu, aliyoichagua punje kwa punje maisha yake yote. Hakuna mwingine aliyekuwa nayo. Mzee aliiweka katika ghala la bati alilojengewa na Fundi Mbwilo, na kila asubuhi aliingia humo akaisalimu kama mtu.

Asubuhi moja akakuta magunia yamelowa, bati linatona. Mzee hakuuliza. Alimtangaza fundi pale nje ya kanisa kuwa ni mwizi wa misumari, ameacha paa linavuja. Fundi akachukua baiskeli yake, akaenda zake. Mzee akapanda mwenyewe, akapaka lami kila tundu la msumari, akaziba kwa udongo hata upenyo mwembamba ambao fundi aliuacha chini ya paa. Matone yakazidi. Maharage ya juu yakaota ukungu. Mzee akaketi juu ya gunia akalia, maana aliona anamzika Anyesi mara ya pili.

Mama Yusta, jirani, akasikia kilio. Kila alfajiri alijifunga blanketi, akakaa ghalani akitazama juu, mpaka kifua kikambana. Ndipo akamwita mzee.

"Shemeji, jana mvua ilinyesha?"

"Haikunyesha."

"Na ukifunua mfuniko wa sufuria ukaukuta na maji, huwa umevuja?"

Mzee akainua macho kwenye bati. Mama Yusta akamweleza kwamba magunia yanapumua, pumzi ile ya joto inapanda, inakutana na bati lililokesha kwenye baridi, inageuka maji. Ghala halivuji, akasema, linatoka jasho.

Nikodemu alipopata habari, akaenda kwake akang'oa dari. Ilikuwa mikeka minene ya mianzi, aliyoisuka msimu mzima ili nyumba yake ipate joto. Akaifunga chini ya bati la mzee, juu yake akajaza nyasi kavu, pumzi isikutane na chuma. Mzee akamuuliza yeye atalalaje.

"Mimi nina mke," akajibu, akacheka. Kisha akauona uso wa mzee, akaacha kucheka.

Matone yakapungua, lakini mikeka yenyewe ikaanza kunuka uvundo, kwa kuwa pumzi haikuwa na pa kutokea. Hapo Fundi Mbwilo akaja. Hakuitwa. Mzee alitaka kumwomba radhi, akaishia kumsalimu tu. Fundi akaegesha ngazi, akabomoa udongo wote, akatoboa matundu kwenye kuta mbili zinazotazamana, akayawekea wavu wa kuzuia panya.

"Ule upenyo ulikuwa pua ya ghala, mzee," akasema. "Ila niliuacha mdogo. Hilo ni kosa langu."

Upepo ukapita. Asubuhi bati halikutona.

Mbegu ikapandwa, ikazaa. Sasa, kwa watu wale malimbuko huliwa na wawili, bakuli moja, kigoda kwa kigoda: mwenye shamba, na yule ambaye bila yeye mbegu isingekuwapo. Akiketi wa tatu, wanasema, hiyo ni karamu tu, si shukrani. Miaka yote kigoda cha pili kilikuwa cha Anyesi. Mwaka aliomzika, mzee alikula peke yake, na maharage yakamshinda kumeza.

Leo chungu kinachemka. Mzee amesali, amekiri mbele za Mungu kwamba alimvunjia fundi heshima na hadi leo hajamwambia samahani. Amepangusa kigoda. Amesimama mlangoni. Kwa jirani anamsikia Mama Yusta akikohoa kikohozi cha ghalani. Kule Nikodemu anapasua mianzi ya dari nyingine. Barabarani inakuja kengele ya baiskeli ya fundi. Anafungua kinywa aite jina moja, na jina halitoki.

Nanyi mnaonisikiliza, maharage yanaiva. Je, wewe ungemketisha nani?