Maziwa ya Bi Ziada

Wamehadithia waliotutangulia, Mola awarehemu, kwamba palikuwa na bibi mcha Mungu aitwaye Bi Ziada binti Kibwana, katika mji wa bara ambako misafara ilikuwa ikipumzika. Mji gani, msiniulize. Mimi nimetembea zaidi kuliko nilivyosoma, na kila nilikokisikia kisa hiki wenyeji waliapa kwamba bibi huyo ni wao. Sikubisha, maana nilikuwa nakula wali wao.

Bibi huyu alikuwa mama wa mtaa mzima. Mzazi akishikwa na uchungu, yeye yupo; maiti ya mwanamke ikioshwa, yeye yupo; na mtungi wa wapita njia mlangoni kwake haukukauka hata kiangazi. Ukipiga chafya asubuhi, adhuhuri uji wa pilipili manga umekufikia, upende usipende. Lakini sadaka zake nyingi alizificha hata waliopewa wasijue zimetoka wapi. Aliiogopa riya kama sisi wengine tunavyomwogopa simba.

Mumewe na wanawe wa kiume walikuwa wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Alibakiwa na binti yake, Tabu, na mjukuu, Raya. Jambo moja lilimkosesha raha. "Siku yangu ikifika," husema, "nani atashuka kaburini kunipokea? Nipokewe na watu baki?"

Tabu humjibu, "Mama, wewe na shughuli zako hizi, hata nafasi ya kufa huna."

Basi Raya akaposwa na kijana wa msafara, Nasibu, mtu wa dini na kazi. Wazee wa msafara walileta posa, ikakubaliwa. Asubuhi ya siku ya nikaha bwana harusi akaja kumwamkia bibi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu," akajibu Bi Ziada, kwa utani wa bibi na wajukuu. "Mbona mwembamba kama ufito? Mimi na mke mwenzangu Raya tutakugawana vipi? Mama yako alikunyima maziwa?"

Wanawake waliokuwa wakichambua mchele wakaangua kicheko. Nasibu naye akacheka.

"Mama sikumjua, bibi. Alikufa kwa ndui katika mji huu huu, mimi bado mchanga. Baba alinilea kwa maziwa ya mbuzi."

"Baba yako nani?"

"Marehemu Mwinyikambi, mshona matandiko ya punda."

Kicheko cha Bi Ziada kikakatika. Mwaka ule wa ndui, mshona matandiko alisimama mlangoni kwake na kitoto kilichokuwa kikitapika kila tone la maziwa ya mbuzi. Bi Ziada alikuwa ametoka kumzika mwanawe mchanga, na kifua kilikuwa kikimuuma kwa maziwa yasiyo na mnywaji. Akakipokea. Kwa idhini ya mumewe alikinyonyesha msimu mzima wa mvua, Tabu akiwa kwa mumewe na mtaa umejifungia kwa hofu ya ndui, akikiita Mgeni, kwa kuwa hakuuliza jina lake. Na kwa kuogopa riya akamwapisha Mwinyikambi asimwambie mtu yeyote. Kisha msafara ukaondoka na baba na mtoto.

Sasa mgeni amerudi kuoa. Na sheria ya dini yetu ni kwamba maziwa huharimisha kama damu. Aliyenyonya kwa Bi Ziada ni mwanawe. Ni ndugu yake Tabu. Ni mjomba wake Raya. Mjomba hamwoi mpwa.

Akamwita Tabu chumbani, akamweleza. Tabu akakaa kitandani kama aliyesukumwa.

"Nani mwingine anajua, mama?"

"Hakuna aliye hai."

"Basi na asijue mtu. Mikono ya Raya ina hina, mama. Utamwambia nini?"

 Shetani siku ile hakuja na pembe. Alikuja na sauti ya binti mpenzi. Bi Ziada akachukua tasbihi, vidole vikapotea njia. Huenda washona matandiko walikuwa wawili, alijiambia. Huenda uzee unaniotesha ndoto mchana. Majirani waliingia kumpongeza, na kila "hongera, bibi" ilimchoma. Raya mwenyewe akapenyeza uso mlangoni, ananukia udi, akasema, "Mke mwenzangu, mbona umenuna? Wivu?" Bibi akajaribu kucheka, meno yakagongana.

Adhana ya alasiri ikaadhiniwa. Wanaume wakajaa ukumbini. Mkono wa bwana harusi ulikuwa umekwisha kushikwa, na Sheikh Muhidini, kadhi wa mji, amekwisha kusoma hotuba, mara sauti ikatoka nyuma ya pazia, inatetemeka:

"Sheikh, simamisha. Huyo ni mwanangu."

Ukumbi ukachafuka. "Uzee huo!" akasema mmoja. Mwingine: "Bibi kapigwa na jua!" Sheikh akanyamazisha watu, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Una shahidi, Bi Ziada?"

"Aliyeniumba tu."

"Alinyonya mara ngapi?"

"Sheikh, uliwahi kuhesabu matonge uliyolishwa na mama yako? Alinyonya akanenepa, mpaka akaota meno akaning'ata."

 Sheikh akamgeukia Nasibu. Kijana alikuwa ameinamisha kichwa. Akijibu kwamba bibi huyu amechanganyikiwa, mji wote utamsadiki.

"Sheikh," akasema Nasibu mwishowe, "marehemu baba kila akimaliza swala alikuwa akimwombea dua yule mbuzi. Mola amrehemu, amzidishie, ampe pepo. Nilikuwa nikimcheka: mbuzi gani huombewa pepo?"

Akautoa mkono wake, taratibu.

Nikaha haikufungwa. Wali ulioiva, Bi Ziada akaamuru uliwe: "Kuleni. Mwanangu amerudi." Raya hakuweza kula, na siku nyingi hakusema na bibi yake. Bibi alivumilia, kila asubuhi akimwekea uji mlangoni bila neno, mpaka asubuhi moja Raya akafungua mlango kabla bakuli halijagusa sakafu. Baadaye aliolewa na mwingine, na mjomba Nasibu ndiye aliyechinja ng'ombe.

Na siku ya Bi Ziada ilipofika, Raya ndiye aliyemwosha. Mji mzima ulimsindikiza. Makaburini wakauliza, "Maharimu wake yuko wapi?" Nasibu akavua viatu, akashuka. Alimpokea kwa mikono yake, akamlaza kuelekea kibla, na waliokuwa ukingoni walimsikia akisema, "Ni mimi, mama. Ni yule mgeni wako."

Ndugu zangu, bibi huyu kosa lake lilikuwa kuificha heri yake mahali ambapo ilipaswa kutangazwa, akalitengeneza kwa ulimi uliokauka kwa hofu. Mimi ninayewasimulia, nikitoa sadaka hukohoa kwanza ili jirani ageuke. Tumwombe Mola atupe ikhlasi ya bibi huyo, na siku ya kusema kweli chungu atupe japo nusu ya sauti yake ile iliyotetemeka. Amin.