Sato Waliokataa Kula

Mtu mmoja alikuwa na kizimba cha wavu cha kufugia samaki aina ya sato katika ghuba moja ya Ziwa Viktoria. Aliitwa Mafuru. Kila asubuhi alipiga kasia hadi pale, akarusha chakula, na samaki wakapanda wakigombania, maji yakachemka kwa midomo yao. Kizimba hicho ndicho kilichokuwa shamba lake, na watoto wake waliishi kwa hicho.

Mafuru akanunua injini. Sasa alifika akinguruma, akakizunguka kizimba ili samaki wajue mwenyewe amekuja, kisha akarusha chakula huku injini ikiendelea kuwaka. Samaki wakazama. Wakarundikana chini kwenye kona ya wavu, wakihema. Chakula kikaelea, kikalowa, kikachukuliwa na mawimbi.

Mvuvi aliyekuwa akipita akamtania: "Bwana Mafuru, hao sato wako wamefunga Kwaresima?"

Utani ule ukamchoma. Alidhani anaitwa bahili. Basi akaongeza chakula, akaongeza na safari: asubuhi, adhuhuri, jioni, injini na chakula, chakula na injini. Samaki wakakonda. Wakajikwaruza kwenye wavu, wakatoka vidonda, na wengine wakaanza kuelea wakiwa wamekufa.

Akarudi nyumbani amefura. "Nawapa kila kitu," alimwambia mkewe, Nyanjura, "nao wananifia."

Nyanjura alikuwa akianua dagaa. Hakuinua uso.

"Baba Bwire, hata sisi unatupa kila kitu. Sukari unaleta, viatu unanunua. Lakini tukisikia injini yako inakaribia, watoto wanaacha kula."

Kesho yake Mafuru alizima injini mbali na kizimba, akapiga kasia taratibu, akarusha chakula kidogo, akakaa. Samaki hawakuja. Akarudi tena, na tena, nao hawakuja. Maana kelele huzimwa mara moja, lakini hofu haizimwi hivyo. Hata asubuhi moja sato mmoja akapanda, akadokoa punje moja, akazama. Mafuru akabaki ameshika bakuli, akiogopa hata kukohoa.

Nanyi mnaohangaika kutwa kuwatafutia watu wenu riziki: mkikaribia mlango, walio ndani husikia nini?