Samaki Aliyeruka Matangani Mwake

Ramla, ondoa hiyo sahani juu ya chombo cha samaki. Najua aliruka akakuparuza kidole ulipomletea chakula, na najua Hashil anasema ameingiwa na kichaa. Samaki huyo hana kichaa, ana kisa. Kaeni hapa ukingoni mwa kitanda changu niwasimulie, maana mjomba wenu Shawali na wenzake huko sebuleni wananong'ona tangu asubuhi: nani atamchukua Ramla, nani atamchukua Hashil, bibi akishaondoka. Bibi yenu Sikudhani anaumwa miguu. Masikio yangu mazima kabisa.

Haya. Zamani hizo, maji yalipokuwa bado mageni duniani, hakuna samaki aliyethubutu kutoa pua yake nje ya maji. Msiwacheke, walikuwa na sababu. Kila samaki waliyewahi kumwona juu alikuwa amekufa. Mzee akifariki, mwili wake ulipanda polepole, tumbo likiangalia mbingu, ukaelea hadi ukatoweka. Basi wakakata shauri kwamba huko juu ndiko makaburini, na mwenye akili timamu haendi makaburini kabla ya siku yake. Chakula kilikuwa kikidondoka juu ya maji, mbu na kumbikumbi na chenga za mpunga, na wao walikaa chini midomo wazi wakingoja kizame. Kilichozama walikila. Kisichozama walikiita riziki ya wafu, wakakiacha.

Tena ilikuwepo sheria. Aliyepanda juu, hata kwa bahati mbaya, alihesabiwa kuwa amekufa, na matanga yakaanza papo hapo. Samaki wote walikunja mapezi, wakainamisha macho kwenye tope, na jina lake likawa halitajwi. Akirudi akapiga hodi haitikiwi, kwa sababu kumwitikia maiti ni kumkaribisha achukue na mwingine. Watoto wake walikabidhiwa Mzee Kambale, mkubwa wa ukoo, mwenye sharubu ndefu na tumbo la haja.

"Waleteni kwangu, nafasi ninayo," alikuwa akisema.

Na kweli nafasi alikuwa nayo. Ila yatima aliyekwenda kulelewa kwa Kambale, hakuna aliyewahi kumwona akirudi kusalimia ndugu zake. Na hakuna aliyeuliza, kwani mkubwa haulizwi.

Sasa, katika nchi ya mbali ambako huyu wetu wa kwenye chombo ana asili yake, kulikuwa na jaruba la mpunga, na ndani yake aliishi samaki mdogo mwenye rangi ya tope. Jina lake halikutufikia. Mimi namwita Mwinyi Mapezi, kwa heshima, na mtaona kuwa heshima hiyo aliitolea jasho. Alikuwa na mke, na watoto walioanguliwa juzijuzi, wamelazwa kwenye tope pamoja na mama yao.

Kiangazi cha mwaka huo kilikuwa kibaya. Mpunga ulivunwa, maji ya jaruba yakapungua hadi likabaki dimbwi. Maji yakawa moto, yakawa mazito, utando ukatanda juu yake na chakula kikawa hakizami tena. Watoto wa Mwinyi Mapezi walilala ubavu, wakihema. Akaenda kwa mkubwa wa ukoo.

"Shikamoo, Mzee. Wanangu wanakufa. Chakula kiko pale juu, nakiona kwa macho yangu."

"Marahaba. Na makaburi je, huyaoni?" akajibu Kambale. "Vuta subira, mwanangu. Chakula kina adabu zake, huja chenyewe."

Aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Mwinyi Mapezi alirudi kwa mkewe akamwambia, "Napanda. Nikichelewa, usiwatoe watoto kwa mtu."

"Ukipanda hutachelewa, utakuwa umekufa," alisema mkewe, na alikuwa akilia. Lakini hakumzuia, maana naye alikuwa akiwaona watoto wanavyohema.

Akapanda. Alipoupasua ule utando alifumba macho, akangoja kifo kije. Hakikuja. Kilichokuja ni upepo. Ukamwingia kinywani, ukamshuka mwilini, na nguvu alizokuwa amezisahau zikamrudia. Jamani, alifurahi samaki yule! Makaburini hapakuwa na kaburi hata moja, palikuwa na hewa na kumbikumbi. Akala, akajaza kinywa, akashuka mbio kuwapelekea wanawe.

Akakuta matanga yake yameshapamba moto. Mapezi yamekunjwa, macho yako kwenye tope. Akapiga hodi, kimya. Akamsalimu kaka yake, kimya. Akawatemea watoto wale kumbikumbi, na shangazi zao wakawazuia wasile riziki ya wafu. Akasimama mbele ya Kambale akasema, "Mzee, ni mimi, nimerudi." Kambale akawageukia wafiwa.

"Mnasikia? Maiti wetu ana uchungu wa kuacha watoto, hata maneno bado yanamtoka. Tufanye haraka, apumzike. Waleteni hao yatima."

Wakaanza kusukumwa mbele, wale watoto. Mama yao aliyaacha macho yake chini, maana mfiwa kuinua macho ilikuwa mwiko mkubwa kuliko yote. Kambale akafungua kinywa, ati awapokee.

Nawaambieni, hakuna uchungu kama kuombolezwa ungali hai. Unasema, na wanasema ni maneno ya maiti. Ukilia, ni kilio cha maiti. Angepigana naye? Kambale angemmeza yeye kwanza, kisha watoto. Mwinyi Mapezi akajiuliza swali moja tu: ni jambo gani ambalo maiti hawezi kulifanya?

Akapanda tena. Akajikunja mkia, akajifyatua, akatoka majini mwili mzima, kichwa hadi mkia, hewani! Kumbikumbi alikuwa akipita zake, hana habari na mtu. Akamdaka palepale angani, akaanguka, chubwi! Dimbwi lilikuwa dogo, kishindo kikafika mpaka kwenye tope. Akaruka tena, juu zaidi, akadaka mwingine. Chubwi! Mkewe akauvunja mwiko, akainua kichwa.

"Maiti huelea," alisema, na sauti yake ilisikika kila pembe ya dimbwi. "Nimemzika baba, nimemzika mama, nimewaona wote wawili wakielea. Ni maiti gani huyu anayeruka? Maiti haruki! Mume wangu mzima! Wanangu, nendeni kwa baba yenu!"

Watoto wakachomoka chini ya sharubu za Kambale, wakapanda. Baba yao akawapulizia mapovu juu ya maji, akawatundika humo karibu na hewa, mmoja mmoja, wakavuta pumzi na wakala mpaka matumbo yakawa duara. Ukoo mzima ukawafuata. Waliokuja kuzika wakageuka kuwa wa karamu, vigelegele vikajaa dimbwi, na kumbikumbi siku hiyo walijuta kuzaliwa na mbawa. Kambale akajichimbia kwenye tope, na humo yumo hadi leo. Hata yeye hupanda kuvuta hewa, lakini kwa kuibia, kisha hushuka haraka kabla hajaulizwa habari za mayatima.

Na jua lilikuwa likitazama. Tangu kuumbwa kwake lilikuwa halijamwona samaki ila aliyekufa, likadhani samaki wote ni vitu vyeupe vya kuelea. Lilipomwona huyu akiruka mbele yake, hai, kumbikumbi kinywani, lilifurahi likamvika nguo zake lenyewe: wekundu wa asubuhi, buluu ya mchana, na mapezi marefu yanayopepea kama kanga iliyoanikwa.

Na tangu siku hiyo, samaki wa ukoo wake huwajengea watoto kiota cha mapovu juu ya maji, na baba ndiye mlinzi. Na tangu siku hiyo, kila anapoona mkono unaleta chakula hangoji kizame. Huruka. Ramla, hukuparuzwa kwa ulafi. Anakuambia asije mtu akamwanzia matanga.

Haya, shika punje moja, iinue kidogo juu ya maji. Zaidi. Usiogope. Ameona, tazama anavyojikunja mkia... Chubwi! Hongera, Mwinyi! Akishashiba mfunikeni kwa kipande cha chandarua, apate hewa na asiangukie mezani.

Na hiyo sahani mliyomfunikia, Hashil, ioshe vizuri, unipakulie wali na mchuzi. Leo uji sitaki. Wala usiniletee hapa kitandani. Ipeleke sebuleni, uiweke mezani katikati yao, mbele ya mjomba wako Shawali. Wana nia njema wale, si akina Kambale, lakini hawajainua macho kunitazama tangu wafike.

Ramla, nipe fimbo yangu. Nakuja kula mwenyewe.