Wimbo wa Sahani na Watu Watatu wa Mwanjelwa

Kaeni vizuri, nataka mnisaidie. Nina kesi ya watu watatu wa Mbeya, wawili kati yao mke na mume. Walifanya jambo zuri pamoja, na jambo lenyewe likawaingizia wivu ambao mpaka leo haujawatoka.

Wa kwanza ni Gwakisa, muuza viatu vya mitumba pale soko la Mwanjelwa. Huyu alijaliwa sikio. Akisikia wimbo mara moja, anajua kama watu wataupenda au watausahau, na spika yake iliwavuta wateja kuliko viatu vyenyewe.

Wa pili ni Dokta Sekela. Huyu alijaliwa ulimi. Alisomea udaktari Kuba, akarudi na Kihispania kinachomtoka kinywani kama Kinyakyusa cha kwao Rungwe.

Wa tatu ni Lugano, mke wa Gwakisa. Yeye alijaliwa koo. Akiimba kwaya kanisani, wapita njia hupunguza mwendo.

Siku moja kijana wa Meksiko aliyekuwa akienda Malawi kwa baiskeli alisimama kwenye kibanda cha Gwakisa, soli ya kiatu chake imeachia. Wakati anajaribu buti, simu yake ilikuwa inapiga muziki. Gwakisa akaacha alichokuwa akifanya.

"Hii ni nini?" akauliza.

Yule mgeni hakujua Kiswahili, ila aliyaelewa macho ya mwenzake. Akamwekea albamu nzima kwenye flashi. Ilikuwa kazi ya vijana wanne wa kwao, kundi linaloitwa Perros de Mina, yaani Mbwa wa Mgodini. Magitaa ya umeme yanakoroma, ngoma zinagonga kama nyundo, na juu yake kijana anafokafoka kwa Kihispania kama mtu aliyenyimwa nafasi ya kuvuta pumzi.

Gwakisa hakuelewa hata neno moja, lakini alisisimka mwili mzima. Alipoipiga sokoni, majirani walikuja juu.

"Huyo anagombana na nani?" akauliza muuza vitenge wa jirani.

"Zima, tunashindwa kuelewana bei!"

Hakuzima. Walimcheka, wateja wengine wakahamia kwingine, naye kila asubuhi akaanza na albamu ile ile. Taratibu masikio ya soko yakalainika. Wapakia mizigo wakawa wanabeba magunia kwa kufuata ngoma zake. Muuza vitenge mwenyewe, siku spika ilipokuwa kimya, alipaza sauti: "Jirani, leo yule mgomvi wako anaumwa?"

Basi Dokta Sekela akapita kununua raba. Akavaa mguu mmoja, akasimama hivyo hivyo, mguu wa pili uko na soksi. Mwanzo alitabasamu, maana lugha ilimkumbusha Kuba. Kisha tabasamu likaondoka.

"Unajua huyu anasema nini?" akamuuliza Gwakisa.

"Sijui, Dokta. Najua tu anasema kweli."

"Anasema baba yake alikwenda mgodini na hakurudi. Nyumbani wamebaki watatu, lakini mama kila jioni anaweka sahani ya nne. Mtoto anamwambia, mama, iondoe. Mama anasema, akirudi ana njaa je?"

Gwakisa akakaa chini. Mbeya nani hajui habari za machimbo ya dhahabu ya Chunya?

Tangu hapo Dokta akawa anakuja kila akitoka kazini. Anasikiliza, anasimamisha, anatafuta neno. Hakutafsiri kama anayesoma maelezo ya dawa. Aliyapima maneno ya Kiswahili mpaka yakakaa sawasawa juu ya ngoma, na alipokosa neno hakulala vizuri. Aliyafanya hayo mwezi baada ya mwezi, masika yote, akiwa ametoka kusimama wodini kutwa nzima.

Sasa watu wana midomo. Lugano akaambiwa kwamba mumewe ana daktari wake, wanakaa kibandani wakiinamisha vichwa juu ya simu moja. Akafunga kitenge chake kizuri, akaenda sokoni. Aliwakuta kweli wameinamisha vichwa.

"Baba Tusekile," akamwambia mumewe, "nimekuja kununua viatu. Au siku hizi mnauza kitu kingine?"

Gwakisa akasimama haraka mno, na kule kusimama kukamchoma mkewe zaidi. Dokta naye akamsogezea karatasi ya tafsiri. "Dada, soma mwenyewe. Tunashughulikia wimbo huu."

Lugano akaisoma amekunja uso. Alipofika kwenye sahani ya nne, uso ukabadilika. Baba yake mzazi alikwenda Chunya yeye akiwa msichana mdogo, na mama yake alikufa akiwa bado anamsubiri. Gwakisa alilijua hilo, lakini hakuwahi kulisikia kwa sauti ile. Maana Lugano alianza kuimba pale pale, bado ana hasira na wote wawili, nusu akifokafoka, nusu akilia. Wapakia mizigo wakashusha magunia.

Waliutengeneza wimbo ule na vijana wapiga magitaa wa kwaya, wakaupiga kwenye ukumbi wa shule siku ya sherehe ya wafanyabiashara wa soko. Watu walioukemea muziki ule wakauimba wamesimama. Mzee mmoja aliyeitelekeza familia Tukuyu kwa ajili ya dhahabu alitoka ukumbini kabla wimbo haujaisha, na kesho yake akapanda gari la kurudi kwao. Mtu akarusha video mtandaoni, ikasambaa, ikafika Meksiko.

Ndipo ukaja ujumbe kutoka kwa Perros de Mina. Wanakuja kupiga muziki Nairobi. Sekela aliusoma kwanza peke yake, kwa kuwa ndiye anayejua lugha, kisha akawasomea wenzake kibandani:

"Tumeona watu wenu wakiuimba wimbo wetu, na sisi tumelia. Tunamtaka jukwaani yule aliyeifanya albamu yetu iishi huko kwenu. Jina lake tutaliandika kwenye rekodi ya Kiswahili pamoja na majina yetu. Nafasi ni ya mtu mmoja. Hatuwajui, chagueni wenyewe. Tuleteeni jina kabla ya Jumapili kuisha."

Gwakisa akacheka kidogo. "Hilo mbona liko wazi? Nilichekwa soko zima kwa ajili ya albamu hii. Ningeizima siku ile, nani kati yenu angeisikia?"

"Ulibonyeza kitufe, Baba Tusekile," Lugano akasema. "Ukumbini watu walilia kwa sauti ya nani?"

Neno hilo la kitufe lilimwingia Gwakisa. Tangu siku ya ukumbi, soko zima lilikuwa linamwita mume wa Lugano, naye alikuwa akijifanya halimuumizi.

"Walilia kwa sauti yako," Sekela akasema polepole, "lakini nyimbo za kwaya umeziimba miaka yote, wakapunguza mwendo tu. Safari hii walisimama, kwa sababu walielewa. Wewe mwenyewe ulikuja hapa kugombana, ukasimamishwa na maneno yangu."

"Maneno yako? Ni ya yule Mmeksiko!"

"Na wimbo ni wako?"

"Sahani ile ni ya mama yangu!" Lugano akapiga kelele, na watu wakageuka. "Ninyi mliipata kwenye flashi na kwenye karatasi. Mimi nilikula mbele yake."

Sekela akasema, "Kwenye video ile jina langu halipo. Halipo popote. Na ujumbe huu nimeusoma mimi. Ningetaka, ningewaambia wanamtaka aliyetafsiri, na nyinyi mngepiga makofi. Nimewasomea ulivyo."

Akachukua mkoba wake, akaondoka.

Wiki ile Lugano hakwenda kwaya. Gwakisa alikula sokoni, akirudi nyumbani anapita moja kwa moja kwenda kulala. Dokta alibadilisha njia yake ya kutoka kazini. Soko likagawanyika nalo: wauza viatu wakasema sikio, wauguzi wakasema ulimi, wanakwaya wakasema koo. Muuza vitenge alipoulizwa alisema yeye alikuwa wa kwanza kuuliza mgomvi ni nani, kwa hiyo aende yeye.

Jumapili wakakutana kibandani, maana hata wenye wivu walijua kwamba jina lisipopelekwa hataenda mtu. Gwakisa akapendekeza wapige kura, lakini kila mmoja alijua kura zitakuwa tatu na majina matatu. Lugano akasema waandike yote matatu. Sekela akatikisa kichwa: aliwaomba Wameksiko hivyo tangu Jumatano, wakajibu kwa upole kwamba nafasi ni moja.

Simu iko juu ya meza, katikati ya viatu. Jibu limeshaandikwa kwa Kihispania, limebaki jina tu. Kidole cha Sekela kiko juu ya herufi, na wenzake wawili, mke na mume, hawasomi kilichoandikwa kwa kuwa hawakielewi. Wanakitazama kidole.

Aliyesikia wakati wengine wote wanaziba masikio, aliyeyapa maneno maana, na aliyeuimba wimbo kwa uchungu wake mwenyewe. Wewe unayenisikiliza, jua linazama Mwanjelwa na jibu linasubiriwa: kidole kile kiandike jina la nani? Na ungeweza kuwatazama usoni wale wawili watakaobaki?