Pimbi Afundisha Uongo

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na majumba na kunywa chai kama sisi, wanyama wa nchi nyingi waliunda chama cha kuchimba visima penye ukame.

Tembo alijua kunusa maji ardhini. Kifaru alijua kuchimba bila kuta kuporomoka. Lakini kila mmoja alificha ujuzi wake.

"Nikiwafundisha, nani ataniita tena?" Tembo alimwambia mkewe.

Basi Tembo akitumwa kusini, kisima kinaporomoka, puu! Kifaru akitumwa kaskazini, anachimba, anachimba, vumbi tupu. Huko watoto wa Swala walilamba umande, midomo imewapasuka.

Pimbi, mdogo kuliko wote chamani, aliwaona akaumia. Akawaomba wakubwa wafundishe wenzao.

"Mambo mazito haya kwa kichwa chako," Kifaru akamjibu.

"Haya, shangazi," Pimbi akasema, akaenda zake.

Kesho yake akawaalika wanachama wote kwake kula viazi vitamu. Waliposhiba, akaruka juu ya kinu.

"Ndugu zangu, leo nafundisha visima! Kwanza, piga chafya juu ya jiwe. Chyaa! Jiwe likiitikia, maji yapo."

Tembo akasonya. "Mfyuu!"

"Jiwe lisipoitikia, likune mgongo."

"Upuuzi!" Tembo akanguruma. "Unatafuta kichuguu chenye mchwa hai! Unafukua pembeni alfajiri, udongo ungali baridi, unanusa!"

"Ahaa! Kisha unachimba shimo jembamba, wima kama mchi..."

"Utazikwa, we!" Kifaru akaruka, sahani zikalia kacha! "Mdomo unakuwa mpana! Unashuka kwa ngazi, na kila ngazi unaipangia mawe!"

Wanyama wote walikuwa wametega masikio.

"Lo!" Tembo akaziba mdomo kwa mkonga. "Nimesema yote!"

"Asante, babu," Pimbi akasema. "Na hata chai sijamimina!"

Wakaangua kicheko. Tembo akainuka kwa hasira aondoke, lakini Ngiri akamshika mkia.

"Babu, na udongo ukinuka majani mabichi?"

Tembo akasita. Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Akaketi, akaeleza mpaka chai ikapoa.

Ngiri na Swala wakaenda kaskazini wenyewe. Wakanusa, wakachimba, wakapanga mawe. Maji yakabubujika, bwuu! Watoto wa Swala wakanywa mpaka matumbo yakawa ndi!

Tangu hapo Tembo na Kifaru waliitwa kila nchi, kufundisha.

Basi, wanangu, ukijua jambo la kuwafaa wenzako, waambie.